Kontena moja la parachichi kutoka Siha mpaka Rotterdam, na hela iliishia wapi

Hiki kisa kimetokea 2024 hapa hapa Moshi na mi nilikuwa ndani yake, sio habari ya kusikia. Nilikuwa naandaa makaratasi ya mzigo, na mambo yalipoharibika ndo nikawa mtu wa kukaa na mafaili usiku kutafuta nini kilitokea. Mwenye mzigo nitamwita Mangi, si ndo tunavyoitana huku, amenikubalia niandike ila jina lake na ya kampuni zote zilizohusika yabaki pembeni. Nimeamua kuandika kwa urefu maana kila siku vijana wanaambiwa parachichi ni dhahabu ya kijani, peleka Ulaya utatoboa, halafu hakuna anayewaonyesha karatasi ya mauzo inavyokuwa mwisho wa safari. Mi ninayo hapa mezani.

Mangi sio mgeni kwenye parachichi. Miaka mitano alikuwa anakusanya Siha na Hai anawauzia wanunuzi wa Kenya, wanakuja na gari wanapima wanalipa keshi wanaondoka, na yeye kila mwaka anaona tunda lile lile linavuka boda kwa bei yake na kule mbele linauzwa mara tatu. Inauma, mtu yeyote ingemuuma. Mwishoni mwa 2023 akapata mnunuzi wa Rotterdam, Uholanzi, kupitia mtu anayemfahamu, wakaongea kwenye WhatsApp wiki kadhaa, akatumiwa mkataba wa kurasa mbili, akasaini. Kurasa mbili tu na mi sikuziona mpaka mzigo umeshaondoka, hilo mpaka leo linanisumbua.

Mzigo wenyewe: kontena moja la ubaridi la futi 40, maboksi 5,280 ya kilo 4, paleti 20, kama tani 21 za Hass, ile aina ya parachichi inayotakiwa Ulaya. Zilitoka kwa wakulima 43, wengi wana miti 20 mpaka 60 kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, wachache wana shamba la maana. Bei walikubaliana Sh 1,800 kwa kilo, nusu unapewa kwenye mzani na nusu mzigo ukishauzwa. Madalali wa ng'ambo ya boda walikuwa wanatoa 1,500 keshi hapo hapo, kwa hiyo wale wakulima walimwamini Mangi kwa tofauti ya mia tatu na kwa sababu wanamjua kwao. Kwa lugha yetu wakulima walimpa Mangi mali kauli. Shikeni hilo neno.

Watu wengi ukiwaambia biashara ya nje wanafikiria ushuru. Ushuru haukuwa tatizo hata kidogo, Tanzania ipo kwenye kundi la nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaruhusu ziingize kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, parachichi letu linaingia kwa sifuri. Vibali pia vilipatikana, cheti cha afya ya mimea tulikipata kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ambayo makao yake yapo Ngaramtoni pale Arusha, mkaguzi alikuja, akakagua, akasaini. Kuna usumbufu wa kawaida wa kufuatilia lakini sio hapo mtu alipoumia.

Bandari tulichagua Mombasa. Anayeshangaa kwa nini sio Dar aangalie kilomita: kutoka Moshi unapita Holili mpakani, Taveta, Voi unaingia Mombasa, ni karibu nusu ya kwenda Dar. Mzigo unaooza unaangalia masaa, kwa hiyo mi mpaka leo nasema Mombasa ilikuwa uamuzi sahihi ingawa hapo ndo shida ya kwanza ilipoanzia.

Wakulima wa mwisho walichuma tarehe 4 Juni, kontena likafungwa tarehe 6. Pale Holili gari likakwama karibu masaa 11 kwa sababu namba ya kontena kwenye karatasi moja ilikuwa imekosewa tarakimu moja, moja tu, ikabidi irekebishwe na aliyeitoa. Muda huo jenereta ya trela iliyokuwa inaendesha ubaridi ikaishiwa dizeli na dereva akachelewa kusema. Ndani kulikuwa na kile kidude cha kurekodi joto, tulikuja kuona baadae kwamba joto lilipanda kutoka 6 mpaka 13. Likarudishwa chini baada ya dizeli kupatikana. Tarehe 8 likaingia bandarini Mombasa, meli ilitakiwa kuondoka tarehe 10, ikajaa, kontena letu likaachwa lipande inayofuata, ikaondoka tarehe 17. Siku tisa limekaa limechomekwa kwenye umeme wa bandari.

Halafu bahari. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walikuwa wanashambulia meli Bahari Nyekundu, Desemba makampuni makubwa kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd yakasimamisha kupita huko, meli za Ulaya zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule chini Afrika Kusini. Kwa mtu wa Asia hiyo ni kona ndefu. Kwa mtu wa Mombasa ni kitu cha ajabu zaidi, maana badala ya meli kupanda kwenda juu inashuka, inapita nje ya pwani yetu hii hii ya Tanga na Dar, Msumbiji, Afrika Kusini, ndo inaanza kupanda upande wa pili wa bara zima. Safari ambayo wazoefu walikuwa wanaipigia hesabu ya mwezi mmoja kwa jumla ikawa inaongezeka wiki mbili hivi. Hii haikuwa siri, Juni 2024 kila ejenti alikuwa anaijua, na Mangi alikuwa anaijua. Ila alipoijua alifikiria ni shida ya kampuni ya meli na ya mnunuzi, maana kwenye invoisi yake juu kabisa kumeandikwa FOB Mombasa, yaani mzigo ukishapakiwa melini Mombasa hatari ni ya mnunuzi.

Meli ilifika tarehe 26 Julai. Kontena likafunguliwa tarehe 29. Toka kwenye mti mpaka kufunguliwa ni siku 55.

Sasa hapa naomba niseme kitu cha shambani kwanza, maana wengi wanakiruka. Parachichi halilingani umri kwa sababu tu limechumwa siku moja. Kuna kipimo cha ukavu, unakata kipande unapima uzito, unakikausha kwenye maikrowevu, unapima tena, kinachobaki ndo kinakwambia mafuta yamefikia wapi. Wanunuzi wa Ulaya kwa Hass wanataka angalau asilimia 23 hivi. Mangi alipima mashamba matatu akapata 24 na 25, akaridhika. Matatu kati ya 43. Sasa kihamba cha Hai kule chini kwenye joto na kihamba cha Siha juu kwenye baridi havikomai pamoja, tunda la chini linakuwa limetangulia wiki kadhaa, na tunda lililotangulia likisafiri muda mrefu linalainika mapema, likianza kulainika linatoa hewa inayoyaamsha mengine kwenye boksi. Kwa safari ya mwezi mmoja pengine lingepita. Kwa siku 55 halikupita.

Imeili ilikuja tarehe 31 Julai na picha 26. Maboksi mengi yamelainika, mengine yana weusi ndani, mengine ukungu kwenye kikonyo. Wiki tatu baadae ikaja karatasi ya mauzo, naiandika kama ilivyo. Maboksi 1,900 yametupwa. Maboksi 3,380 yameuzwa kwa wastani wa yuro 5.50, jumla yuro 18,590. Wakati Mangi alikuwa anategemea yuro 9 kwa boksi, yaani 47,520. Bei kushuka namna hiyo haikuwa ubovu peke yake, katikati ya mwaka ndo Peru anamwaga Hass Ulaya kwa wingi wa kutisha, ukifika na tunda lililochoka wakati huo hakuna anayekubembeleza. Halafu makato: nauli ya meli 7,200, gharama za bandari na ukaguzi 1,750, kuchambua upya na kutupa 2,110, chumba cha baridi 640, komisheni asilimia 8 ambayo ni 1,487. Kilichobaki yuro 5,403. Na kwa vile Mangi alishapewa advansi ya yuro 10,000 mwezi Juni, mstari wa mwisho unasema anadaiwa yuro 4,597.

Soma tena hapo. Mtu ametoa tani 21 za matunda na mwisho wa safari ndo yeye anayedaiwa.

Mangi aliniletea ile karatasi ofisini akaiweka mezani bila kusema kitu. Jasho la wakulima 43, mkopo wake wa benki, gharama za kupakia na gari, ukijumlisha ni kama milioni 60 zimetoka au zinadaiwa, na kilichoingia ni ile advansi, kama milioni 28 kwa bei ya yuro ya wakati ule. Nikamwambia nipe mkataba. Ndo nikausoma kwa mara ya kwanza.

Mkataba ulikuwa unasema bei itatokana na soko siku ya kuuza na gharama zote zitakatwa kwenye mauzo. Basi. Hiyo sio FOB. FOB ni mojawapo ya masharti 11 ya biashara yanayotolewa na Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris, wameanza kuyatoa 1936 na toleo linalotumika sasa ni la 2020, na FOB ya kweli maana yake mzigo ukishapakiwa melini hatari inahamia kwa mnunuzi, ukiharibika njiani anahangaika yeye na bei yako iko pale pale. Lakini bei yenyewe lazima iwe imeshawekwa. Kama bei itajulikana mzigo ukishauzwa, kuandika FOB juu ya invoisi ni kupamba karatasi tu. Mangi alikuwa amempa Mholanzi mali kauli, kama vile wakulima walivyompa yeye. Tofauti ni kwamba mali kauli ya Siha mnajuana, mna kanisa moja, mnakutana msibani, ya Rotterdam mtu anaona mzigo wako wewe huuoni, anaupanga daraja yeye, anauza yeye, anakuandikia hesabu yeye.

Na hapa ndo msimamo wangu kwenye kesi hii. Vita ya Yemen, meli kujaa, dizeli kuisha, vyote vilitokea na vyote viliumiza, lakini vyote vilimwangukia mtu mmoja kwa sababu ya ile sentensi moja ya mkataba. Mnunuzi hakupoteza, komisheni yake ipo. Kampuni ya meli ilipata nauli yake yote. Nimeshawasikia watu hapa Moshi wanasema Mangi ameponzwa na Bahari Nyekundu, mi sikubali. Bahari Nyekundu ilileta hasara, mkataba ndo uliochagua nani aibebe.

Tukaenda kwenye bima, maana bima alikuwa nayo, alilipia. Nilikuwa na matumaini hapo nakiri. Ila bima za mizigo ya baharini nyingi zinafuata vipengele vya kawaida vya London, na kwenye vile vipengele hasara inayotokana na kuchelewa imetolewa nje wazi, hata kama kilichosababisha kuchelewa ni kitu ambacho bima inakikubali. Pia imetolewa hasara inayotokana na asili ya mali yenyewe, na parachichi kuiva ni asili yake. Jibu lilikuja kwa upole kabisa ukurasa mmoja. Kampuni ya meli nayo ikasema joto lilikuwa sawa muda wote wa baharini, na rekodi inaonyesha ni kweli, 6 nyuzi mfululizo, na kuhusu siku zilizochelewa nyuma ya BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, kuna maandishi madogo kwamba tarehe ya kufika haina ahadi. Yale masaa 11 ya Holili nayo mnunuzi akayashika, akasema mmeharibu wenyewe kabla meli haijaona mzigo. Masaa 11, siku tisa za bandarini, siku 39 za maji, umri wa matunda, kipi kimeua maboksi 1,900? Hatutajua, na hatutajua kwa sababu hakuna mkaguzi huru aliyeingia kwenye lile kontena siku lilipofunguliwa. Rotterdam wako wataalamu wa kazi hiyo, unawapigia wanaenda siku hiyo hiyo au kesho yake, wanapima, wanaandika ripoti ambayo pande zote zinaiheshimu. Gharama yake ukilinganisha na kontena ni ndogo sana. Mangi alikuwa hajui kama hicho kitu kipo na mkataba haukukitaja, sisi tumepata imeili siku mbili baadae mzigo umeshachambuliwa.

Kitu pekee kilichotuokoa kidogo ni zile picha 26. Nilikaa nazo usiku mmoja nikizikuza moja moja nasoma namba za paleti kwenye lebo, nikazilinganisha na orodha yetu ya kupakia. Namba za paleti mbili hazikuwa zetu. Sisemi waliiba, inawezekana mfanyakazi wa ghala alipiga picha mzigo wa jirani kwa haraka, mi sijui na sitamhukumu mtu. Ila tuliandika barua tukaomba ripoti ya kuchambua ya kila paleti, risiti ya kutupa, na invoisi za waliouziwa, na tukaweka zile namba mbili kwa rangi nyekundu. Ukimya wa siku 12. Halafu wakajibu kwa ajili ya uhusiano mzuri wanafuta lile deni la 4,597 na wanapendekeza tufunge hesabu. Mangi alitaka kupigana zaidi, nikamuuliza utapigana wapi, mahakama ya Uholanzi, kwa hela gani. Tukafunga.

Kikao cha wakulima kilikuwa Sanya Juu mwishoni mwa Agosti na hicho sitakisahau. Mangi alikuja na karatasi zote, akazisoma, yuro, komisheni, meli. Meku mmoja, yaani mzee, amekaa mbele na fimbo yake alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mangi, sisi hatujui habari za bahari, sisi tunajua kilo. Kilo zangu ulizipima?" Akajibu nilizipima meku. "Basi." Mjukuu wake alikuwa anatakiwa aripoti kidato cha tano Julai na ile nusu ya pili ya hela ndo ilikuwa maandalizi yake. Hakuna aliyepiga kelele na ingekuwa afadhali wangepiga. Mangi akaahidi kuwalipa wote nje ya hesabu ya kontena, kama milioni 19, na kesho yake akauza pikapu.

Septemba akajaribu tena na matunda ya mwisho ya Siha juu, safari hii Dubai. Nilimuunga mkono kwa sababu mbili. Mombasa kwenda Dubai meli haigusi kabisa ule mlango wa Bahari Nyekundu, ni njia fupi, tunda linafika likiwa bado na nguvu. Na mnunuzi alikubali bei ya kuandikwa, FOB ya kweli, bei ndogo kuliko Ulaya ila imeandikwa: dola 30,000, asilimia 30 mbele na iliyobaki ndani ya siku 60. Mashamba yote yalipimwa ukavu safari hii, tukayakataa manne na wenye nayo wakanuna.

Mzigo ukafika vizuri, hakuna picha hata moja iliyotumwa. Sasa sikia. Wakati tunaandika invoisi dola ilikuwa karibu Sh 2,700, kila mtu mjini anailalamikia kwamba haipatikani na inapanda, Mangi akapiga hesabu zake zote kwa bei hiyo, mpaka mkopo mdogo wa kupakia aliuchukua kwa shilingi akijua dola 21,000 zilizobaki zitaufuta. Mnunuzi akachelewa wiki mbili hivi kama wanavyochelewa, hela ikaingia Desemba, na Desemba ile shilingi ilikuwa imepanda ghafla dola imeshuka mpaka karibu 2,400. Mia tatu kwa kila dola mara 21,000 ni milioni sita na laki tatu zimeyeyuka bila mtu yeyote kukosea kitu. Nchi nzima ilikuwa inafurahia shilingi kupata nguvu na mi pia kama mwananchi nilifurahi, ila Mangi alikuwa analipwa kwa dola na anadaiwa kwa shilingi. Angeweza kuomba nusu mbele badala ya asilimia 30, au angeweza kwenda benki kufunga bei ya dola mapema, hiyo huduma ipo ila kwa mzigo mdogo kama wake benki mbili tulizouliza hazikuonyesha hamu. Faida ikabaki ya kulipia wakulima tisa wa lile deni la zamani.

Mpaka naandika hii wameshalipwa 31 kati ya 43, meku alikuwa wa kwanza. Mnunuzi yule wa Rotterdam amerudi, anataka makontena mawili. Safari hii mkataba niliuandika mi na Mangi tukamtumia sisi, una vipengele viwili tu ambavyo hatutaki kuviachia: bei ya chini ya uhakika kwa kila boksi hata soko likianguka, na mkaguzi huru aitwe ndani ya masaa 24 kama zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mzigo ina shida, bila ripoti yake hakuna makato ya ubovu. La mkaguzi amekubali siku hiyo hiyo. La bei anasema hakuna mtu Ulaya anayefanya hivyo na mkulima mdogo, na mi najua wapo wanaofanya. Mangi bado hajasaini, matunda ya Hai yamebakiza kama wiki tatu, na jana dalali wa ng'ambo alionekana Boma Ng'ombe anauliza bei.